Leo Sijanywa Chai

Baba,

Wiki hii nimeacha kutia sukari kwenye chai ya kibandani. Bado naiuza, ila sukari nimeiweka mezani kwenye bakuli lenye kifuniko, kila mtu ajitilie mwenyewe. Vijana wa gereji walinuna. Mmoja alionja, akaniangalia, akaniuliza, "Mathee, hii ni chai ama ni maji ya kusuuza sufuria?" Wenzake wakacheka. Nikamwambia bakuli hilo hapo, mkono ni wako. Akatia vijiko vinne. Nilivihesabu. Unajua siwezi kuacha kuhesabu, wewe ndiye uliyenifanya hivi.

Ni miezi minne tangu tukuzike. Nakuandikia kwa sababu kuna hesabu moja imenikataa, na hesabu ikinikataa nilikuwa nakuletea wewe.

Miaka thelathini na mmoja ulikuwa karani wa stoo pale kiwandani. Fundi akija kutafuta bolti ya nusu inchi, ulimjibu bila kuinua macho: rafu ya kumi na nne, safu ya tatu, zimebaki mia mbili na sita. Akienda kuhesabu anakuta mia mbili na sita. Ukirudi nyumbani Makadara unanikalisha kwenye ngazi za ploti tuliyopanga na kunifundisha kuzidisha kwa rafu hizo hizo. Nilipoacha shule kidato cha pili, nilitoka na hesabu kichwani na sikutoka na kitu kingine. Kibanda nimekijenga kwa hesabu hiyo. Sikuitwa na mjomba, sikuombewa kazi na mtu.

Na kila asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi, chapati mbili za kwanza zilikuwa zako. Za kuonja. Siku ya kwanza ulitafuna ukasema, "Nekesa, hii ni soli ya kiatu." Kesho yake nikaongeza mafuta, yale meupe ya mkebe yanayoganda yakipoa. Ukasema bado. Nikaongeza tena. Siku uliyosema, "Hii sasa imefika," nilifurahi kama mtu aliyepewa cheti. Sikubadilisha kipimo hicho miaka kumi na tisa.

Chapati mbili, mara siku sita, mara wiki hamsini na mbili, mara miaka kumi na tisa. Elfu kumi na moja, mia nane hamsini na sita. Nimezidisha mara tatu nikitumaini nimekosea.

Kusahau kwako kulianza na namba. Ulisimama mbele ya bakuli la unga nikakuuliza kilo mbili zitatoa chapati ngapi, ukacheka, ukasema, "Zitatoa za kutosha." Wengine hawakuona kitu. Mimi niliona, maana wewe hukuwahi kunijibu hesabu kwa neno.

Halafu ikaja chai.

Ulikuwa unatoka nyumbani umeshakunywa vikombe viwili, unasimama mlangoni kwa mtu, unavua kofia, unasema, "Leo sijanywa chai." Nani atamnyima mzee chai? Mlango wa kwanza kikombe na andazi. Mlango wa pili kikombe na mkate. Siku moja nilifunga kibanda nikakufuata kwa mbali. Milango saba, Baba. Vijiko vitatu kila kikombe, ishirini na kimoja, kabla ya chakula cha mchana. Na kila mlango ulishukuru kama mtu aliyefunga tangu jana.

Nilikupeleka kwa daktari. Alikuwa msichana mwenye subira, lazima niseme. Akapima, akasema una sukari na presha, na kwa jinsi unavyosahau inaonekana vyote viwili vimekuwepo miaka mingi kabla hatujajua. Alinieleza polepole. Kwamba ubongo unaendeshwa na sukari, lakini sukari ikikaa juu kwenye damu mwaka baada ya mwaka, inaharibu ile mishipa myembamba inayopeleka damu kichwani. Kwamba mwili ukizoea kujazwa unga mweupe na sukari, unaacha kusikia ile amri ya kuipokea, na ubongo nao unaweza kufika hapo: umezungukwa na chakula na bado una njaa. Nikafikiria wewe na milango yako saba.

Kuhusu mafuta alisema ukiondoa maji, sehemu kubwa ya ubongo wenyewe ni mafuta, kwa hivyo si adui. Ila yapo ya samaki, ya njugu, ya ovakado, ambayo yanausaidia, na yapo haya yanayoganda, ambayo yakizidi yanaziba njia. Wewe ulikulia kwenu magharibi ukila omena, wale samaki wadogo wa ziwa, na mboga za kienyeji. Huku nikakulisha chapati.

Nikamuuliza daktari, ni chapati ngapi? Akasema haiendi hivyo. Nikamwambia nipe namba, hata ya kukisia: zikifika ngapi mtu anaanza kusahau jina la mtoto wake? Akasema hakuna namba kama hiyo. Kuna umri, kuna damu ya ukoo, kuna presha, kuna chakula, kila kimoja kinaongeza kidogo, na hakuna anayeweza kusema hiki ndicho. Alitaka kunipunguzia mzigo. Mimi nilitoka pale na hasira ambayo haijaisha mpaka leo. Angeniambia ni elfu kumi na moja zote, ningejua pa kuweka lawama. Angeniambia si hata moja, ningelala. Aliniacha katikati.

Kwa hivyo nikafanya ninachojua, nikaweka utaratibu. Nilichukua mfuko wa plastiki wa beji yako ya kiwandani, nikatia kadi ndani, nikaandika kwa herufi kubwa: MZEE HUYU ANA SUKARI. ASIPEWE CHAI WALA MANDAZI. Nikakuvisha shingoni. Ulifurahi. Ulidhani unaenda kazini, ukanyoosha kola.

Mlangoni kwa jirani yetu Mama Shiro ndipo tulipogombana. Nilimwambia mbele ya watu kwamba anamuua baba yangu kwa kijiko. Alinitazama tu, akasema, "Sawa, mama wa hesabu." Hatukusalimiana tena.

Kadi ilifanya kazi. Milango ikafungwa mmoja mmoja. Ukawa unarudi mapema, kofia mkononi, na hujui kwa nini. Halafu siku moja umekaa kitandani ukaigeuza ile kadi, ukaisoma herufi kwa herufi, kidole chini ya kila neno. Ukaniuliza, "Huyu mzee amewakosea watu nini mpaka anyimwe chai?"

Nikasema sijui, Baba.

Sijui. Hilo ndilo jibu nililokupa. Na kadi sikuivua.

Ile asubuhi ya mwisho uliomba chai mara tatu. Mara ya tatu nilikujibu vibaya, nina foleni ya watu kibandani, unga mpaka kwenye viwiko. Ukaniangalia kama unavyoangalia karani mgeni aliyevuruga rafu zako. Ukasema kwa adabu yako yote, "Sawa, mama. Lakini Nekesa wangu akirudi nitamwambia umeninyima chai." Saa nne haijafika, kiharusi kikakuangusha hapo hapo kwenye benchi.

Kwenye mazishi kaka yangu alisema, kwa sauti ya kutosha, kwamba mzee ametoka duniani na njaa nyumbani kwa mwenye kibanda.

Juzi Mama Shiro alikuja kibandani. Tangu ule ugomvi hakuwa amekanyaga hapo. Alikaa, akaagiza chai, akaonja, akatikisa kichwa. Akasema, "Sasa umejua." Nikamuuliza nimejua nini. Ndipo akaniambia kwamba wewe hukuacha kwenda kwake. Kadi au bila kadi, ulikuwa unaingia kila siku, unavua kofia. Naye alikuwa anakupa nusu kikombe cha strungi, maji na majani matupu, hakuna sukari, hakuna maziwa, na njugu chache kwenye kiganja. Anakuambia ameshatia sukari vijiko vitatu. Unakunywa, unasema, "Chai yako tamu, mama." Dakika kumi baadaye unarudi, anakupa nusu nyingine.

Hukujua tofauti, Baba. Chai kwako haikuwa sukari. Ilikuwa mlango kufunguliwa.

Nilijifunika uso kwa aproni nikalia mbele ya wateja. Mwaka mzima nimezidisha na kujumlisha, na haikunijia hata siku moja kwamba ningeweza kukuwekea maji ya moto na majani. Mama Shiro hakupiga hesabu yoyote. Alinishika bega akasema tumalize chai, inapoa.

Ile elfu kumi na moja bado ipo. Sijui ni ngapi kati yake zilikula rafu zako za kichwani, na sasa najua nitakufa sijui. Mafuta meupe nimeacha, omena nimerudisha Jumatano na Ijumaa, na chapati nakandia unga wa kahawia nusu kwa nusu. Wateja wanasema ni soli ya kiatu. Nacheka, halafu nageukia jiko.

Kadi nimeichoma. Mfuko wa beji nimeuweka na kofia yako.

Lala, Baba. Nakuahidi kitu kimoja, na hiki hakina hesabu. Mtu akisimama mbele yangu akaniambia leo hajanywa chai, hata kama kikombe bado kiko mkononi mwake, nitamwamini.

Na kama ungali unamsubiri yule mtoto wako umshtakie, nimerudi. Niambie.

Nekesa