Baba alikuwa ananiandikia

Shoga uko wapi? Acha unachofanya, nisome.

Leo kompyuta yangu ya kazini imeingiwa na virusi. Fundi kaja, kaisafisha, akaomba tuangalie na imeili yangu, huenda uchafu uliingilia huko. Mara akaniuliza, "Hiki kichujio uliweka wewe? Kila barua kutoka anwani hii inatupwa kwenye takataka kabla hujaiona."

Nikasoma anwani. Ni ya BABA.

Baba, shoga! Yule niliyekulilia kwamba tangu aachane na mama akahama nchi, miaka miwili, hajanitafuta hata siku moja!

Na imeili yangu kaigusa mtu mmoja tu: dada. Unakumbuka nilivyozidiwa na barua za matapeli, akaniwekea programu ya kuzuia virusi na vichujio? Mpaka nikamsifia kwako.

Nikampigia. Hata hakukana! "Nilikuwa nakulinda, mdogo wangu. Angekuumiza tena."

Nakulinda! Mimi nalia kifuani kwake kwamba baba kanisahau, yeye ananipigapiga mgongoni na huku anajua. ANAJUA!

Takataka inajifuta kila baada ya siku thelathini, kwa hiyo zimebaki barua mbili tu. Ya mwisho ni ya Jumapili: "Mwanangu, kama hutaki niandike tena, niambie tu, nitaacha."

Kichujio nimekifuta. Nimemjibu, "Usiache."

Dada anapiga sasa hivi, mara ya saba. Sipokei.