Kaburi la Mama Liko Tayari

Rubongi, Tororo
12 Agosti 2025

Mpendwa Kaka Herbert,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Hujambo? Tumbo lako limeshazoea chakula cha Nairobi? Sisi huku tu wazima, mtama tumeshavuna. Mama pia ni mzima. Najua habari hiyo itakusumbua, ndiyo maana nimeitanguliza.

Hongera kwa kazi. Ulianza na ile programu ya simu ya kuwaonyesha madereva urefu wa foleni ya malori pale mpakani Malaba, ukaiuza, na sasa wewe ndiye unayewapa mitaji vijana ambao kampuni zao bado ziko kichwani tu. Unamwamini mtoto ambaye hajazaliwa.

Video yako tuliiona. Binti yangu Phiona aliifungua baada ya misa, nami nimekaa na Mama tunachambua maharage. Ulisimama jukwaani ukasema mama yako alikufa ukiwa darasa la sita, na hakuna aliyekushika mkono. Watu wakapiga makofi, wengine wakafuta machozi. Nilimpokonya Phiona simu, lakini Mama alikuwa ameshasikia. Aliendelea na maharage yake, kisha akauliza, "Sasa anasema mimi nilikufa na ugonjwa gani?"

Hakumtaja yule ng'ombe wa maziwa aliyemuuza ili upate kompyuta ya kwanza. Nilimtaja mimi, na matusi juu.

Halafu ukaandika kwamba Jumamosi unaleta wenzako wenye mitaji, pamoja na wapiga picha, waone ulikotoka. Ukaomba Mama akapumzike kidogo kwa mama mdogo Agwang, kule kijijini Sop Sop. Umejifunza kuongea kwa adabu. Siku ya tatu Mama akaniita mimi na Opendi seremala. "Hao wageni watauliza kaburi," akasema. "Zikeni mgomba. Mtoto wangu asiaibike."

Desturi yetu unaijua. Mgomba huzikwa badala ya mtu aliyepotea asipatikane, na aliyezikwa hivyo, hata akirudi mzima, hakanyagi tena boma lake. Nilimkumbusha. Akaniambia nichukue jembe.

Opendi alichonga msalaba, ila akakataa kuandika jina la mtu anayemwona kwa macho. Niliandika mimi. Tuliupaka masizi uonekane wa zamani, tukapanda nyasi juu ya kaburi. Mama alisimama pale akitazama, na nilipokosea mwaka akanisahihisha, uwe mwaka ule ule ulipokuwa darasa la sita. Kisha akachukua blanketi lake na kuku wawili, akatoka. Nililia mpaka jioni, na sioni haya kukwambia.

Kwa hiyo njoo, kila kitu kiko tayari. Konzi ya kwanza ya udongo ni ya kifungua mimba, na Mama alikataa mtu mwingine asiitupe badala yako. Nimekuwekea udongo ndani ya karai kando ya msalaba. Itupe wakupige picha. Ukimaliza, usipite Sop Sop. Mama hajakukataza, ni mimi.

Opendi anakusalimu. Mama mdogo Agwang anauliza kama unakula vizuri. Phiona hakusalimu.

Mungu akulinde njiani, na akupe watoto wenye kumbukumbu kama yako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bado ingawa najaribu kuacha,

Juliet