Limi Amepona

Nyasubi, Kahama
Machi 1984

Baba Limi,

Pokea salamu zetu. Mvua imenyesha, mahindi yamesimama vizuri, na mama yako anakusalimu.

Limi nilimpeleka Mwanza kupimwa tena. Daktari alisema, "Mama, figo hazijaharibika. Tezi ya shingoni imezorota kidogo, nazo figo zikapungukiwa nguvu." Akampa vidonge. Sasa uso hauvimbi, na majibu ya figo ni mazuri.

Majibu ya kwanza yalipotaja figo, uliondoka ukisema huwezi kukaa ukimtazama mwanao akifa. Sikukulaumu, nililia tu. Jana aliruka kamba na wenzake, kisha akaniuliza, "Mama, baba anajua kama nimepona?"

Nikamwambia nitakuandikia. Sikumwambia kwamba umeoa huko machimboni Bugarama.

Mimi,
Mama Limi