Plafoni ni Moja

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Kwa hiyo Mama amemwaga rezini ndani tena. Ni picha za kilio kwa familia moja ya mtaa wa Katuba: sura ya marehemu katikati, unga wa malakiti, lile jiwe la kijani, pembeni, na juu yake rezini, ile dawa ya maji inayoganda kama kioo. Zinapendeza. Watu wanalia wakizipokea, kisha wanaagiza nyingine. Baba yuko Kasumbalesa, mpakani, na hatumi salamu. Tunakula picha hizo.

Lakini harufu! Inakaa kwenye pazia, kwenye mkate, kwenye kurasa za vitabu vyangu. Leo darasani David amenusa hewa na kutangaza — Garage imefunguliwa, Madame Vernis, Bibi Vanishi, anaingia! Wote wamecheka. Nami nimecheka kidogo, ili yaishe. Hayakuisha. Abigaël ameomba kuhama benchi letu, eti haoni ubao. Anaona ubao vizuri sana.

Mama anasema yeye hasikii harufu yoyote. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Nimesoma karatasi iliyobandikwa kwenye bidoni la rezini. Herufi ndogo, Kifaransa cha maabara. Mvuke unaharibu mapafu. Ni mzito kuliko hewa, unashuka sakafuni. Fanyia kazi mahali penye hewa nyingi.

Hewa nyingi! Tuna vyumba viwili na dirisha moja, na dirisha linatazama uani, pale wanawake wa nyumba nzima ya wapangaji wanapopika. Mwezi uliopita Mama Kiki, jirani wa nyuma ya ukuta wetu, alikuja kwa heshima zote. — Mama Ntumba, pole, mais bukari yetu iko inanuka peinture. Mama aliona haya, ugali wa watu kunuka rangi. Tangu siku hiyo dirisha limefungwa.

Nje haiwezekani. Rezini ikishika unyevu inakuwa nyeupe kama maziwa, na marehemu anapotea humo.

Tuna mask moja, chujio lake limeshakuwa jeusi. Mama ananivisha mimi. Yeye anajifunga kitenge puani.

Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Nimepata wazo! Nililichora kwanza nyuma ya somo la fizikia. Ventilateur ndogo, feni ya kompyuta iliyokufa, na tundu kwenye plafoni, yaani dari, juu ya meza. Mvuke unavutwa juu, unapita chini ya bati, unatokea pembeni ya paa. Hauingii uani wala kwenye sufuria ya mtu.

Mama alishika kiti, nikatoboa.

Imefanya kazi. Jioni nimesoma bila macho kutoa machozi. Mama ameimba akiosha vyombo, kisha akawaambia wote uani — Mutoto yangu iko ingénieur! Nilijificha ndani. Lakini nilifurahi. Nilifurahi sana.

Jumatano, tarehe 12 Novemba

Nkambo Mwelwa, bibi mzee, mama yake Mama Kiki, ana kifua. Tunamsikia akikohoa nyuma ya ukuta. Binti yake anasema ni mvua, ni uzee. Nimempelekea chai ya tangawizi. Amenishika mkono.

— Karibia, mutoto yangu. Uko unanukia sawa motokari mupya!

Amecheka. Kikohozi kimekata kicheko, na kimechukua muda mrefu kumwachia.

Chumba chao kinanuka kama chetu. Nilidhani ni nguo zangu.

Ijumaa, tarehe 14 Novemba

Vumbi liliziba ventilateur. Nimeipangua, nimesimama juu ya kiti, kichwa karibu na tundu. Na nimemsikia Nkambo Mwelwa akimwomba mjukuu wake Kiki maji. Sauti haikupita ukutani. Imetoka juu. Wazi, kama vile ameketi mezani kwetu.

Nimepanua tundu, nimeingiza kichwa na tochi. Kuta haziendi mpaka bati! Zinaishia kwenye plafoni. Juu yake ni chumba kimoja kirefu cha giza, cha nyumba nzima. Pembeni ya paa, pale nilipotegemea hewa itoke, wameziba kwa simenti, nadhani kwa ajili ya panya. Na upande wao plafoni imeoza, mbao zimeanguka. Mwanga ulikuwa unapanda kutoka kitanda cha Nkambo.

Nilikuwa nampulizia yeye.

Sijui kama kifua ni hicho. Ni mzee, na mwaka jana pia alikohoa. Sijui! Nimeziba tundu kwa gunia na gundi. Nimemwambia Mama. Ameangalia juu, kisha amefunga mlango.

— Batatufukuza, amesema. Na baadaye — Usiseme kwanza. Nitasema miye, nikipata maneno.

Jumapili, tarehe 16 Novemba

Mama hajapata maneno. Anamwaga rezini kidogo kidogo, mlango wazi, na gunia linalegea.

Nami nimefika mpaka mlangoni kwa Mama Kiki. Nimesalimia. Nimeuliza kama wana chumvi.

Chumvi tunayo.

Jumanne, tarehe 18 Novemba

Nkambo Mwelwa amefariki hospitalini, alfajiri.

Jumatano, tarehe 19 Novemba

Kilio. Kabati, viti, kitanda chake, vyote vimetolewa nje chini ya bâche, lile turubai la msiba. Wanaume wako uani kwenye moto. Wanawake wamejaa chumbani mwake, sakafuni, kwenye mikeka. Wanasali, wanalia, wanalala hapohapo. Watazika Ijumaa.

Mchana Mama Kiki amekuja kwetu bila viatu, kichwa amekifunga kitambaa. Ameshika picha ya mama yake, ile ya ubatizo wa Kiki, Nkambo akicheka.

— Mama Ntumba, umetengenezea bantu ba Lubumbashi muzima. Mama yangu njo atakosa? Kubwa, ya kuweka ku musalaba. Na maua yake ndani.

Mama amefungua mdomo. Nikajua: sasa atasema.

— Nitafanya, amesema. Yako, ni zawadi.

Mlango ulipofungwa ameketi chini. Nikikataa, amesema, ni sawa nimesema njo siye tulimuua. Na nikikubali — ameangalia juu, kwenye gunia.

Nimemwambia tukafanyie kanisani. Shuleni. Kwa shangazi. Amenijibu kwamba kila mahali chini ya paa pana watu. Na mahali pasipo paa, inanyesha.

Alhamisi, tarehe 20 Novemba

Inanyesha bado.

Mama amechanganya durcisseur. Sasa hakuna kurudi nyuma. Rezini ikishapata dawa hiyo itaganda tu, hata ukiomba. Amenisukuma nje. — Enda ubaambie batoke kidogo ku bâche. Sema kitu chochote! We iko unasoma mabuku mingi, tafuta neno!

Nimeingia kwa Mama Kiki. Wamama ukuta hadi ukuta. Wengine wamelala, mashavu juu ya mkeka. Nimepiga magoti, nimesalimia. Neno nilikuwa nalo. Nililirudia njiani: tokeni, tafadhali, tokeni kidogo. Mama Kiki amesogea, amepigapiga mkeka kando yake.

— Kuya, ikala. Alikuwa anakupenda, ule mumama. Kila siku: kale katoto ka ingénieur.

Nimeketi. Mask iko chini ya sketi yangu. Siwezi kuivaa peke yangu mbele yao. Nimetoa kalamu, wanadhani nafanya devoir ya shule. Kiki amelala, kichwa juu ya paja langu. Ninaandika polepole nisimwamshe. Nikimaliza mstari huu nitasema. Nikimaliza huu.

Harufu imefika. Ninaisikia, kutoka juu, kisha puani, kisha chini.

Mama Kiki ameinua kichwa. Amenusa. Na ametabasamu, mara ya kwanza tangu msiba.

— Munasikia? amewaambia wenzake. Njo mama ule. Mama Ntumba ameanza.

Wamama wamefumba macho, wamevuta pumzi ndefu.

Kiki anakohoa