Akaunti Tisa za Mama

Anyitike, leo nimeumbuka ofisini.

Si unajua ile kampeni yangu ya kugawa sarafu za kripto bure, kidogo kidogo, kwa anayeendelea kutumia app yetu ya malipo? Bosi kakuta akaunti tisa kwenye simu moja. Akapiga palepale kikaoni, spika wazi.

Akapokea mama yangu. Mama yangu mzazi, wa Kibakwe.

"Ninazo tisa ili nipate vya bure," anamjibu bosi bila wasiwasi. "Sasa wateja wangu wote wa maziwa wananilipa humo. Msinifungie."

Nikakohoa.

"Huyo si Jenifa wangu?"

Kikao kizima kikanigeukia.

Bosi akasema, "Mama, tutakuachia moja."

"Sawa, ila msimgombeze. Yeye alinifungulia moja tu. Nane nilijiongezea mwenyewe."