Mawe Yetu Ndani ya Maji

Furaha mujukuu wangu,

Hapa Majengo tuko wazima, na mama yako angali anauza maharagwe Birere. Unauliza kutoka huko Kisangani tulifungaje mashine ya kupima joto chini ya ziwa Kivu.

Nilikuwa mupiga mbizi. Mama aliyekuwa mukubwa wetu wa kazi aliagiza vyuma vizito vya kuishikilia mashine isisogee, vikachelewa. Nikamwambia mawe ya volkano yatatosha, si tunajengea nyumba? Tulijaza gunia, wanaume wawili walilibeba kwa shida, tukalifunga kwenye mashine. Kule chini nililisogeza kwa mkono mmoja, pamoja na mashine. Mawe yetu yamejaa matundu ya hewa, ndani ya maji yanakuwa mepesi.

“Papa, limekaa?” mukubwa akaniuliza nilipotoka majini.

Ningesema ndiyo, nani angeshuka kuhakikisha?

“Hapana, mama. Nilikosea. Tungoje vyuma.”

Tangu siku ile, mutu akiniambia kitu ni kizito, namuuliza alikibebea wapi.

Mimi tate wako