Kisanduku cha Kiunoni

Dzaleka, Jumatano, 12 Juni 1996

Kwa kaka yangu mpendwa, yaya Cadeau,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe, wifi yangu na watoto. Natumaini kikohozi cha yule wa mwisho kimekwisha tangu barua yako ya Aprili. Sisi huku kambini tu wazima, ila baridi ya Dowa imeanza na mimi nalala na soksi. Mama anakusalimu, na anauliza kwa nini barua zako ni mistari mitano tu, kama mtu anayepiga simu ya kilio.

Uliniuliza ni mtambo gani wa gita bila waya unaoaminika, kwa kuwa kiongozi wa bendi yenu hapo Mbeya anataka kununua. Umemuuliza mtu anayefaa, maana kwaya yetu imeshanunua. Lakini unanijua, yaya, mimi siamini kitu kwa urahisi, kwa hiyo kaa vizuri nikueleze kila kitu.

Ile besi uliyonifundisha Uvira ndiyo ninayopiga hapa kanisani, na siku hizi watu wetu wanatuita kwenye harusi mpaka Lilongwe. Desturi unaijua: bibi harusi anapokelewa mlangoni pa gari, na muziki unamtangulia kwa miguu mpaka ukumbini. Wenzangu walikuwa wanatoka nje na ngoma, mimi nabaki ndani na waya wangu mfupi kama mbuzi kwenye kamba. Mwishowe kamati ya kwaya ikakubali tutafute mtambo, na tukatumwa watu wawili, mimi na Manirakiza, yule Mrundi mpole anayetupigia solo.

Tulianzia kwenye duka moja la Old Town, kule Lilongwe. Mtambo ulikuwa mpya kabisa, bado kwenye katoni. Nikapiga noti mbili, na spika ikaanza kuongea: walinzi wa mahali fulani walikuwa wanaulizana kwa Kichewa kama geti limefungwa. Mwenye duka akasema hiyo hutokea mara chache sana. Nikamuuliza kama na bibi harusi naye ataambiwa afunge geti. Hakucheka, tukaondoka.

Tukarudi kambini kwa Moustapha, mfanyabiashara aliyetoka Kindu. Yeye alikuwa na mtambo uliotumika. Kisanduku kimoja ni cha kuvaa kiunoni, kina mkia wa waya unaoning'inia, na huo mkia ndio antena yake. Kingine ni cha kuweka mezani, kina antena mbili, ili moja ikipoteza sauti nyingine iidake. Nilimshuku papo hapo. Kama kitu ni kizuri, mbona anakiuza? Nilifungua kifuniko, nikainusa betri, nikamchimba maswali mpaka akaniuliza kama nimeingia polisi. Manirakiza akachukua gita. Alikichomeka kisanduku kwenye mkanda wa suruali, akatembea akipiga gita mpaka kwenye bomba la maji na kurudi, na sauti haikukatika hata mara moja. Tukauchukua.

Hapo ndipo Manirakiza alipotia neno lake. Aliiambia kamati kwamba afadhali mtambo upewe solo, maana besi inaweza kusimama mahali pamoja na hakuna atakayeona tofauti. Kamati ilinipa mimi, lakini neno lile sikulisahau.

Harusi ya kwanza ilikuwa Kawale. Bibi harusi akashuka, nami nikatangulia mbele yake nikipiga, najiona mtu. Sikufika hatua ishirini, besi ikafa. Nikatazama mbele, ndani ya mlango wa ukumbi, nikamwona Manirakiza amesimama peke yake pale mezani, mkono wake uko juu ya kisanduku. Alisema ameona taa imezimika, alikuwa anaangalia kuna nini. Jumamosi iliyofuata, Lumbadzi, ikawa vilevile: nimeshatoka nje, sauti imekatika, na yeye yuko pale pale. Nilianza kumwangalia hata anavyokunywa maji. Nikaenda kwa kamati, nikasema ananikata makusudi kwa wivu. Mzee Sinzinkayo, mwenyekiti wetu, akamuuliza mbele ya watu wote. Alijibu tu, "Mi sikukata." Hakuna aliyemsikiliza, wakamtoa kwenye kwaya. Nami, niseme ukweli, siku ile nilifurahi.

Sasa nakuambia ambalo sijamwambia mtu. Wiki mbili baadaye tulikuwa mazoezini, mimi na Ketsia fundi cherehani tumetangulia wenzetu. Mezani hapakuwa na mtu, na besi ikafa. Ketsia akaniambia kitenge changu kinafunguka, akaja kunifunga upya. Unajua sisi wanawake kitu cha thamani tunakifunga wapi: kwenye fundo la kitenge, kiunoni, mahali mkono wa mwizi haufiki. Kisanduku nacho nilikuwa nakifunga hivyo hivyo, ndani ya plastiki, na mkia wake nimeuzungusha na kuubana ubavuni. Fundo lilipolegea mkia ukaanguka nje, na besi ikarudi. Nikauzungusha tena, ikafa. Nikauachia, ikarudi. Ketsia alikuwa anahangaika na kitenge tu, hakuelewa kitu. Mimi nilielewa.

Ni mimi, yaya. Nilimkimbia mwizi ambaye hata hakuwepo, nikamharibia jina mtu ambaye hakunikosea. Na baya zaidi, hayo nimeyajua wiki tatu sasa. Naning'iniza mkia nje, besi haikatiki tena, na watu wananisifu kwamba kumbe kweli Manirakiza ndiye aliyekuwa anatuharibia. Nami naitikia asante. Naona aibu hata kuandika.

Kwa hiyo mwambie kiongozi wenu anunue wenye antena mbili, na aujaribu yule yule atakayeupiga, amevaa kama atakavyovaa siku ya kazi. Mtambo wetu hauna kosa lolote.

Manirakiza anaondoka kesho kutafuta bendi huko Tanzania. Jana alikuja mwenyewe kuniuliza kama nina barua ya kukuletea. Hata hapo, yaya, nilijiuliza anaitakia nini barua yangu. Unajua zangu nazipaka gundi kisha nazishona na uzi. Hii nampa wazi, na nitamwomba aisome hapa mbele yangu, kwa sababu mdomo wangu umekataa kumwambia. Akifika kwako mpokee vizuri.

Msalimie wifi, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mungu awatunze mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
Régine

*(Juu ya bahasha, kwa kalamu ile ile)*

Yaya, ameisoma yote, amekaa kwenye kigoda changu. Alipomaliza aliniomba gundi. Akasema, "Barua ya mutu inafungwaka, dada," akaifunga yeye mwenyewe, ndiyo maana naandika hapa nje. Alipofika mlangoni akasema, "Siku ya Mungu utabaambia bote. Mi nitakuwa pale." Anataka Jumapili hii, kanisani, niwaambie wote, na safari ameisogeza mpaka Jumatatu. Ukiipokea mkononi mwake, ujue nilisema na bado ameamua kuondoka. Ikikufikia kwa posta, solo yetu imebaki Dzaleka.